Sinia Lisilo na Pengo

Juzi nilipita Bagamoyo nikaulizia lilipokuwa darasa letu la jioni. Wanauza friji pale sasa! Nikasimama mlangoni nacheka peke yangu, muuzaji akadhani nimefurahia bei. Hajui kwamba kwenye ukuta ule nyuma ya friji zake ndiko nilikoibwaga aljebra.

Wakati huo nilikuwa binti niliyefeli hesabu, tena feli ya kusikika hadi Lugoba. Jioni nikawa narudia masomo, mchana namsaidia bibi kupika kashata. Nyumba nzima ilinukia hiliki. Nadhani hata mbuzi wa jirani walitoa maziwa ya hiliki. Kazi yangu ilikuwa kuikata kashata ingali ya moto na kuipanga kwenye sinia la pembe nne la kupeleka maulidini. Ikibaki nafasi hata ya kupitisha kidole, bibi huja juu: "Pengo hilo! Unataka watu waseme tumezila jikoni?"

Basi, mwalimu wetu wa jioni akatangaza kwamba asiyeweza kuvunja hesabu za x kuwa mabano mawili hatamruhusu kujiandikisha kwa mtihani mwaka ule. Zamu yangu ikafika. Akaandika ubaoni: x² + 7x + 12.

Jasho lilinitoka, ningeanikwa juani ningetoa chumvi ya kuilisha Kerege nzima. Nilijua natafuta namba mbili: zikizidishwa zilete kumi na mbili, zikijumlishwa zilete saba. Nikaandika mbili na sita.

"Dada," akasema dereva wa bajaji aliyekuwa akikaa nyuma yangu, "si ungetuletea kashata tu, haya tukaachana nayo?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikashtuka. Kashata!

Nikachora sinia. Ile x² nikaifanya pande kubwa la mraba. Ile 7x, vipande virefu saba. Kumi na mbili, vipande vidogo vya kujazia kona. Nikapanga virefu viwili ubavuni, sita chini… havitoshi! Vinatakiwa vinane, ninavyo saba. Nikamsikia bibi kama yuko mlangoni: "Pengo hilo!" Nikafuta. Vitatu ubavuni, vinne chini, na vile vidogo vikaingia konani, safu tatu za vinne vinne, vikatulia kama vimezaliwa pale.

(x + 3)(x + 4).

"Mwalimu, sinia halina pengo!" nikapiga kelele.

"Sinia gani tena hili?" akauliza. Nilipomweleza alicheka mpaka chaki ikamdondoka. "Kajiandikishe, binti. Na kesho ulete la kweli."

Nililipeleka limejaa pomoni, na mtihani nikaupasua. Bibi alipiga vigelegele mtaa mzima ukadhani kuna harusi.

Bibi hayupo tena. Sinia sijui liliishia kwa nani, na hiliki ile sijainusa kwingine. Lakini kabla ya kuondoka nilimwambia yule muuzaji aisogeze friji ya mwisho kidogo. Alikuwa ameacha pengo.