Mikono Iliyoachia Tairi

Dada wa wodi ameniomba niwaandikie ninyi mliolala na miguu imefungwa, mpate moyo. Ameniambia niandike kwa upole, nisitaje ubaya wa mtu. Upole sina. Anayetaka ushuhuda wa upole amwendee aliyeteguka kidole.

Nilikuwa dereva wa trekta la kijiji, huku karibu na Ruvuma inapoingia baharini, miaka ile ya ujamaa tulipohamishwa tukakae pamoja kwenye mistari ya nyumba. Nilikuwa mzima, najitwisha gunia la korosho bila kuhema. Trekta lile nililipenda kuliko ndugu zangu wengi, maana likiharibika linakuonyesha limeharibikia wapi. Mke wangu, Mama Asumpta, alikuwa akiniambia, "Baba Asumpta, iko siku utalala chini ya hilo trekta lako." Hakukosea sana.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa mtu wa maneno. Jina lake silitaji, si kwa heshima, ila wajukuu zake hawana kosa. Kwake trekta lilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Basi siku kisiki cha mkorosho kilipotoboa tairi la nyuma, na mgeni wa wilaya yuko njiani kuja kuliona shamba letu la pamoja, mwenyekiti alihangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Tulipandisha trekta juu ya magogo, tukafungua tairi, tukatoa mpira wa ndani, tukauziba, tukajaza upepo kwa pampu ya mguu mpaka magoti yakalia. Kulirudisha ndiyo ilikuwa kazi. Tairi la nyuma la trekta linanifika begani, na rimu yake ilikuwa imefungwa vyuma vya uzito ili lisiteleze kwenye tope. Nikasema, "Tufungue kwanza vyuma, tairi liwe jepesi, ndipo tulipandishe."

"Ndugu dereva, mgeni ameshapita Madimba!" mwenyekiti akapiga kelele. "Watu tunao. Umoja ni nguvu. Lisimamisheni hivyo hivyo!"

Watu kweli walikuwepo, tena wengi. Wakalisimamisha, wakalisogeza kwenye bolti. Mimi nikaketi chini mbele yake, jicho kwenye matundu ya rimu, mtaimbo mkononi, nalilenga. "Kushoto kidogo. Hapo hapo. Msiachie."

Hapo ndipo Land Rover ya mgeni ilipofika. Mwenyekiti akaruka mbele, mkono juu. "Uhuru!"

"Na kazi!" watu wakaitikia. Na kwa kuitikia wakainua mikono, kama walivyozoeshwa kwenye kila mkutano. Mikono ile ile iliyoshika tairi.

Mmoja tu hakuinua. Alikuwa Alberto, mkulima aliyevuka mto akikimbia vita upande wa Msumbiji, hata msimu mmoja hajaumaliza kwetu. Alibaki ameng'ang'ania ukingo wake. Tairi lilikuwa linanijia kifuani. Kwa sababu yake likapinda, likanilalia mguu wa kushoto.

Maumivu hayakuja kwanza. Ulikuja mlio, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Walipoliinua nikaona mfupa umetoka chini ya goti, mweupe, na unyayo umetazama kule ambako unyayo hautazami. Kisha maumivu yakafika, nikajinyea. Naliandika hilo kwa sababu wamo kati yenu waliojinyea na wanaona haya. Msione haya.

Mwenyekiti alisema mgeni ale kwanza, wali umeshapakuliwa, halafu gari litanipeleka. Mama Asumpta hakubishana naye. Alipanda kiti cha mbele cha Land Rover, akaketi, akaushika mlango kwa ndani. "Gari hili likiondoka, linakwenda hospitali," akasema. Mgeni mwenyewe aliona aibu, akaamuru nipakiwe. Alberto akapanda nyuma, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili njia nzima usicheze kwenye mashimo. Nikamuuliza mbona yeye hakuachia.

"Mie kwitikia sijui bado," akasema. "Kushika najua."

Mjini Mtwara daktari, kijana wa kutoka Bukoba, alitoa mchanga na vipande vya mfupa, akafunga plasta yenye dirisha ili kidonda kionekane. Hakunificha. "Ukianza kunuka na weusi ukapanda, nitaukata juu ya goti. Ama mguu, ama wewe."

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Bila huo mimi si dereva, ni mzigo wa kupokezana ndugu. Nikauomba usinuke.

Ukanuka. Ulinuka panya aliyefia darini. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe, na sikumlaumu. Usaha ulipita bandeji ukalowesha godoro, homa ikanitetemesha mpaka kitanda kikalia. Kila asubuhi Mama Asumpta aliinama akakinusa kidonda kabla hata ya kunisalimu, nami nikimtazama uso. Uso wake ulizidi kukunjamana.

Siku daktari aliyosema kesho anakata, ndiyo siku mwenyekiti aliyokuja kunitazama, na kikapu cha machungwa. Akasimama mlangoni kwa ajili ya harufu, akanihutubia. Eti mimi ni shujaa wa kijiji. Eti watoto watasimuliwa. Kisha akasema Alberto ameitwa mkutanoni akaonywa mbele ya watu, kwa kuwa amemdharau mgeni: wote waliitikia, yeye peke yake akakaa kimya.

"Mama Asumpta," nikasema, "hebu nisogezee hayo machungwa."

Nilimrushia moja moja. Alikinga uso, akarudi nyuma, akaanza kusema neno "ndugu", na chungwa la mwisho likampata sikioni. Akakimbia. Nilimtukana mpaka akatoka nje ya jengo.

Daktari alikuja kutazama kelele ni za nani. Akaniwekea mkono pajini kupima joto, akaokota chungwa moja, akapima kwa macho kutoka kitandani mpaka mlangoni. "Mtu anayekufa hana shabaha," akasema. "Nakupa nafasi. Lakini kila asubuhi nitakata nyama iliyooza, na dawa ya ganzi ni haba."

Alikata. Kwa mkasi, asubuhi baada ya asubuhi, na baadaye maji ya chumvi, na sindano mpaka makalio yakawa magumu nisiweze kulalia. Niliuma taulo. Wengine huomba Mungu saa ile, na ni vizuri. Mimi nilimwona akilini mwenyekiti anamkemea Alberto, nikajiambia nitarudi na miguu yote miwili nikasimame mbele yake. Hasira hiyo ndiyo iliyonifikisha mchana, kila siku.

Asubuhi moja Mama Asumpta aliinama, akanusa. Akanusa tena. "Pananuka dawa tu," akasema, akaketi sakafuni akalia, mwanamke ambaye safari yote hakuwa ametoa chozi. Nami nikalia.

Nilirudi kijijini na fimbo, mguu umefupika kidogo lakini klachi unakanyaga. Nikakuta trekta bado liko juu ya magogo, kuku wanatagia kitini. Tairi lilikuwa limelala pale pale liliponiangukia, majani yameota katikati. Hakuna aliyetaka kuligusa, na mvua zilikuwa karibu.

Niwashukuru wanaostahili kabla sijamaliza. Daktari yule, Mama Asumpta, Alberto. Nanyi mliolala, nawaambia: kunyweni uji hata kama hamuutaki. Mruhusuni mwenye kuwapenda akinuse kidonda. Mkiwa na hasira, kasirikeni, ila mkasirikieni mtu aliye nje ya wodi, maana dada wa sindano hana kosa. Watu huniuliza kama nimemsamehe mwenyekiti. Bado.

Basi nikawaita watu wale wale walioachia tairi. Vyuma vya uzito tukavifungua kwanza. Nikamweka Alberto upande wangu, nikawaambia, "Mkono ulioshika tairi hauna salamu." Tukalisimamisha. Nikaketi chini mahali pale pale, jasho linanitoka si kwa jua.

Mwenyekiti akaja na mkono juu. "Uhuru!"

Mikono ikabaki kwenye tairi. Nilisikia pumzi za watu.

"Uhuru!" akarudia, kwa ukali.

Hakuna aliyeinua hata kidole. Matundu yakakutana na bolti, tairi likaingia. Nikafunga nati moja, nikafunga nyingine, nikakaza zote kwa spana bila haraka yoyote, na mwenyekiti amesimama, mkono umeanza kumshuka. Nati ya mwisho ilipokaza, nikasema, "Achieni."

Alberto akajifuta grisi kwenye kaptura, akainua mkono wake polepole. Alikuwa amekwishajifunza.

"Na kazi," akasema, peke yake.

Watu waliangua kicheko, mwenyekiti akageuka akaenda zake. Mimi nilicheka palepale mchangani mpaka mguu ukauma, na maumivu hayo, ndugu zangu, ndiyo ya kwanza niliyoyafurahia.