Umeamkaje, Mama?

Siku ile sokoni ndipo alipojua kwamba amenasa. Alikuwa ameinama juu ya mafungu ya nyanya, akamuuliza muuzaji, mama mmoja ambaye hajawahi kumwona maishani, fungu ni bei gani. Yule mama hakutaja bei. Alinyoosha mgongo, akajibu kwa adabu, "Nimeshakunywa, baba," kisha akashtuka, akamkazia macho, akaangua kicheko mpaka akajishika kiuno. Kumbe ni yeye! Sauti inayompigia simu kila asubuhi kumkumbusha dawa ya presha imekuja kununua nyanya kwa miguu yake yenyewe.

Wauzaji wa jirani wakacheka, naye akacheka, maana ungefanyaje. Alipewa nyanya mbili za nyongeza akarudi nyumbani amenyong'onyea. Watu walishamtungia jina, Mwana wa Wote, na jina lilikuwa limemkaa kama shati la kuazima.

Ni mwandishi wa programu za kompyuta. Kazi inayomlisha iko ghorofa ya tatu kwenye kampuni ya bima, huko anaandika programu za kuwajulisha watu kwamba hawatalipwa. Lakini watu wa kazi hii hawatosheki na kazi ya mwajiri. Kila mmoja ana vijimradi vyake vya pembeni, vinavyozaliwa Ijumaa kwa shangwe na kufa Jumatatu bila matanga. Yeye alikuwa navyo tele: cha kumwonya mtu aanue nguo kabla ya mvua, cha kuamua nani ni zamu yake kuosha vyombo, na kingine ambacho hata yeye hakumbuki kilikuwa cha nini. Vyote viliishia njiani. Alimaliza kimoja tu maishani mwake, na hicho ndicho kilichomfunga.

Mama yake anaishi mji mwingine, nyumba ile ile aliyowalelea, na dada mkubwa yuko mtaa wa pili. Mama ana presha, na dawa husahau. Dada alikuwa akilalamika kila mara: wewe mtoto wa kiume hupigi simu mpaka mtu aumwe. Ni kweli. Aliahidi, akasahau, akaahidi tena. Mwenye akili timamu angepiga simu. Yeye aliandika programu.

Ilikuwa kitu kidogo. Asubuhi inapiga simu kwa mama, na mama akipokea anaisikia sauti ya mwanawe iliyorekodiwa: "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Hapo aliweka ukimya kidogo, kwa sababu anamjua mama yake, mtu anayekusalimu asisubiri jibu, kwake ni mhuni. Baada ya ukimya: "Umeshakunywa dawa? Kama tayari, bonyeza moja." Halafu: "Haya mama, siku njema." Asipobonyeza, ujumbe unakwenda kwa dada. Dada aliiingiza namba hiyo kwenye simu ya mama kwa jina la mwanawe, ili mama asiogope kupokea. Dawa zikanyweka. Dada akaacha kulalamika, na katika familia ile hiyo peke yake ilikuwa muujiza.

Angeishia hapo asingekuwa na kisa. Lakini kila Jumamosi alikwenda Darasa, ndivyo wanavyoliita, chumba kilicho juu ya duka la fotokopi, viti vya plastiki na feni moja inayozunguka ikipenda. Hapo watu hufundishana kuandika programu bure: karani, fundi wa friji, mwalimu aliyestaafu, muuguzi mmoja wa zahanati anayekuja na sare yake. Siku aliyowaonyesha ile programu, mwalimu mstaafu alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Tangu hapo ikawa somo la kwanza la kila mgeni. Chukua hii, weka namba ya mama yako, rekodi sauti yako.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa kazi hii tu. Kitu ukikiweka kama mfano wa kubadilishwa, hakuna atakayekibadilisha. Wanafunzi waliweka namba, wakaona simu inaita, wakafurahi, wakaenda zao. Sauti watarekodi kesho. Kesho ikawa ile kesho tunayoijua. Majirani nao wakaomba, muuguzi akaingiza wagonjwa wake wote wa presha, na kabla Mwana wa Wote hajageuka, sauti yake ilikuwa inawaamkia mama wa watu mitaa na mitaa.

Usimwonee wivu. Asubuhi simu zisipotoka, ni yeye anayetafutwa, awe bafuni au kwenye kikao. Hawezi kuugua, hawezi kusafiri akazima simu, hawezi kulala mpaka jua limpige. Alijaribu kuwaomba wenzake wa Darasa mmoja aipokee kazi hiyo. Kila mmoja alimwambia kwamba iko katika mikono salama, na akasogeza kiti nyuma kidogo. Bosi wake naye aliposikia, alimgeuza sura ya kampuni, kampuni inayojali wazazi, akawa anampeleka makongamanoni kuhutubia. Kilemba cha ukoka hicho, lakini kilemba. Alitoa hotuba ile ile mara nyingi hata ulimi ukawa unakwenda wenyewe, na yeye amesimama pembeni anausikiliza.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomkata maini ni mama yake. Mashine ilipoanza kupiga, yeye aliacha kabisa, maana roho ilikuwa imetulia. Siku alipomkumbuka, akapiga mwenyewe asubuhi. "Shikamoo mama, umeamkaje?" Akasikia mama akinong'ona jambo haraka haraka, kisha mlio wa kitufe, kisha simu imekatwa. Alikuwa amebonyeza moja. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka, mama keshaiweka rafuni katoka uani. Alisimama pale kwenye korido ya ofisi ameshika simu, na aliona aibu kama mtu aliyebisha hodi nyumbani kwao akaambiwa mwenyewe yupo ndani tayari. Akaamua ataifunga programu nzima. Alimtaka mama yake arudi, basi, na njia nyingine hakuiona.

Alipanga kulitangaza kwenye kongamano kubwa, mbele ya watu, ili asiweze kurudi nyuma. Ukumbi ulijaa, kila mtu na kitambulisho chake shingoni. Slaidi ya mwisho aliiandika mwenyewe jana yake, neno moja tu, Kwaheri. Alipiga moyo konde, na kidole kilikuwa juu ya kitufe, muuguzi wa zahanati aliposimama akaomba kipaza sauti.

"Wagonjwa wangu wengine hawana mtoto wa kuwapigia," alisema. "Kuna bibi anavaa kitenge kizuri kabla ya kupokea. Huyu hapa ndiye mtoto wao. Mimi naomba tu asichoke."

Ukumbi mzima ulisimama. Bosi, kiti cha mbele, alipiga makofi kuliko wote. Mwana wa Wote aliutazama ukumbi, akaitazama kompyuta yake, akasikia ulimi wake uliozoea hotuba ukisema, "Sitachoka." Slaidi ya Kwaheri haikuonekana na mtu. Ukilikoroga utalinywa, na yeye alilinywa wima, jukwaani, huku anapigwa picha.

Ikabaki njia moja nyembamba. Kama hawezi kuwafungia mama wa watu, basi amtoe mama yake peke yake. Angeweza kuifuta namba ile akiwa hapo hapo kitini, lakini alitaka kumwambia uso kwa uso. Akaomba likizo fupi, akapanda basi, akafika jioni. Mama alimpokea vizuri, akamuuliza amekula nini huko kwa kukonda hivyo, akaenda kulala mapema.

Asubuhi walikaa jikoni wawili, chai mezani. Alikuwa anatafuta pa kuanzia simu ilipolia. Mama akamwinulia kidole.

"Ngoja kidogo. Mwanangu anapiga."

Alicheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Alijifuta mikono, akaweka simu kwenye spika kwa sababu sikio moja limepunguza kusikia, akaisogeza karibu na kikombe.

"Shikamoo mama," ikasema sauti yake yeye, changa kidogo, ya siku aliyokuwa hana uchovu. "Umeamkaje?"

Na katika ule ukimya mdogo mama akaanza kusema, mbio mbio, kama anayevuka barabara. "Marahaba baba, nimeamka, sasa jana niliishia pale nilipoanguka bafuni, goti ndilo lililovimba, dada yako sijamwambia maana atataka kunihamishia kwake, na mimi nyumba yangu..."

"Umeshakunywa dawa? Kama tayari, bonyeza moja."

"Nimekunywa." Akabonyeza.

"Haya mama, siku njema."

"Haya baba. Kesho nitakumalizia."

Mwana wa Wote alikuwa amekishika kikombe na hajakinywea. Ndipo alipoelewa ule mnong'ono wa haraka haraka aliousikia siku ile kwenye korido. Mama alikuwa anamweleza jambo, na yeye alidhani anakata simu. Akamuuliza mama ni lini ameanguka. Mama akasema hayo ni marefu, ameyagawa vipande, yakae kama yalivyokaa. Tena akamwondoa wasiwasi: anajua ni mashine, yeye si mtoto. Inamkatiza, ndiyo, lakini hata mwenye sauti akipiga humkatiza, tena huyo huanza kwa kusema yuko kikaoni.

"Mama, nimekuja kuizima," alisema. "Nitakuwa nakupigia mimi mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Mama akamtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani, yeye mtoto akidai ameoga. Na wakati huo huo, kama uchawi, simu yake mfukoni ikatetemeka, ikatetemeka tena. Alijua ni nini. Simu za mtaa fulani hazikutoka na muuguzi anauliza. Hakuitoa mfukoni. Aliyashusha macho tu kuelekea mfukoni, mara moja, akayarudisha. Mama aliliona jicho hilo.

"Mwache huyo," alisema taratibu, akiigusa simu yake pale mezani. "Yeye hajawahi kunisahau. Wewe nenda kawaangalie mama zako, wasije wakakosa dawa."

"Na goti, mama? Hebu nilione."

"Goti nitamweleza kesho."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Alikwenda sebuleni, akafungua kompyuta magotini, akaitafuta hitilafu ya simu zile akaiondoa. Kisha akaifungua sehemu ya mama yake. Aliona namba, na kando yake mahali pa kuifutia. Alikaa akipatazama pale mpaka kioo kikazimika chenyewe, akakigusa kikawaka.

Hakuifuta. Alishuka mistari michache chini, mpaka kwenye ule ukimya baada ya Umeamkaje, sekunde chache alizoziweka zamani kwa ajili ya adabu. Akazifuta akaandika dakika tano. Akafikiri, akaandika kumi. Akahifadhi. Mama alikuwa jikoni peke yake, anaosha vikombe.