Pembe ya Nne Begani

Katika miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nilikuwa mnakili wa barua katika ofisi moja ya usafirishaji pale bandarini Kisangani, ukingo wa kulia wa mto. Mkubwa wa ofisi aliandika kwa mwandiko uliolala kama majani baada ya mvua, nami niliyarudia maneno yake kwa kalamu ya wino, mara tatu kwa kila barua, tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, na tena tangu saa nane hadi jioni. Mwenzangu wa meza ya pili alifanya vivyo hivyo. Tulisoma pamoja kwa mapadri, tukaadhibiwa pamoja kwa makosa yaleyale ya Kilatini, na tulipendana kwa namna ya watu wanaojuana mno hata hawahitaji tena kustahiana.

Ofisi ilipoletewa mashine mbili za kuandikia, tuliruhusiwa kujifunza baada ya kazi. Miezi minne ilipopita tukaambiwa kwamba mmoja wetu angefanywa mpiga mashine. Mtihani wenyewe haukuwa na mafumbo: ukurasa mmoja wa Kifaransa, sote wawili kwa wakati mmoja, bila kusimamisha mikono, mwenye makosa machache ndiye angepewa nafasi, na mwingine angebaki na kalamu yake. Kwa mwenzangu lilikuwa jambo la heshima tu. Kwangu lilikuwa jambo la mwili. Bega langu la kulia lilikuwa limekakamaa kwa wiki nyingi. Kila siku ilipofika saa nne asubuhi, vidole viwili vya mwisho viliingia ganzi na kalamu ikaanza kunitoroka. Mashine ingeigawa kazi hiyo kwa mikono miwili. Mwaka mmoja zaidi wa kalamu ungenimaliza mkono, na karani asiye na mkono hana ofisi.

Asubuhi ya siku ya mtihani nilishindwa kuvaa koti. Mama mdogo, ambaye niliishi kwake Mangobo, alinivalisha kama anavyovalishwa mtoto wa ubatizo, kisha akanitazama kwa hasira iliyojaa huruma.

"Aspirine haitaweza hii bega," alisema. "Saa sita uvuke Lubunga, kwa mama ya pembe. Iko nyuma ya gare."

"Mama, mutihani iko saa nane."

"Basi usichelewe."

Nilivuka. Lubunga, ng'ambo ya mto, ndiko reli inakoanzia, ile inayoyakwepa maporomoko na kuelekea upande wa juu wa mto. Na wakati ule kila gunia lililoshuka melini lilipanda behewani juu ya mabega ya watu. Kwa hiyo nyuma ya stesheni lilikuwapo taifa zima la migongo yenye maumivu, na taifa hilo lilikuwa na mganga wake: mwanamke wa makamo, mnene, mwenye shavu moja lililotokeza daima kwa sababu ndani yake alihifadhi donge la nta. Kazi yake ilikuwa kuumika. Aliiweka juu ya ngozi pembe ya mbuzi iliyotobolewa ncha, akafyonza hewa kwa kinywa, na kabla hajautoa mdomo akaliziba tundu kwa nta, kwa ncha ya ulimi tu. Pembe ikashika nyama, nyama ikapanda ndani yake, na mtu akaguna. Wengine aliwachanja kwanza kwa wembe ili damu itoke. Wengine aliwaumika kavu.

Nilikuta wapagazi watano wameketi vifua wazi juu ya masanduku yaliyopinduliwa. Mimi nilikuwa na koti jeupe na karatasi mkononi. Lazima nikiri habari ya karatasi hiyo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeorodhesha maumivu yangu yote, kwa nambari, nikayatenga ya asubuhi na ya jioni.

"Karani," mpagazi mmoja aliniuliza kwa upole mkubwa, "ile kalamu yako iko na kilo ngapi?"

"Usimucheke," alisema wa pili. "Pengine anaandikaka na nyundo."

"Soma, papa," mama wa pembe aliniambia. "Tusikie."

Nilisoma. Nilipofika nambari ya tano, wapagazi walikuwa wameegemeana kwa kicheko, na mmoja aliniomba nirudie ya tatu kwa sababu ilikuwa tamu. Mama hakucheka. Alinipokonya karatasi, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa sanduku lililokuwa likiyumba.

"Bon. Sasa onyesha kazi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mahali pale. Hakuna aliyewekewa pembe kabla hajaigiza kazi yake mbele ya wote, kwani mama huyo hakuamini kidole cha mgonjwa kinachoonyesha palipouma. Aliamini kiungo alichokiona kikitenda. Mpagazi aliyenitangulia aliinama, akajitwika gunia lisilokuwapo, akatembea nalo hatua sita, akalitua. Mimi niliketi juu ya sanduku, nikainua mikono, nikaanza kupiga mashine hewani, kwani ndiyo kazi iliyoningoja saa nane. Wapagazi walisogea karibu. Nadhani hawakuwahi kuona kazi ndogo namna ile ikifanywa kwa uso mzito namna ile.

"Mutazame bega," mama aliwaambia wapagazi. "Iko karibu na sikio. Papa, nani alikutwika gunia?"

"Hakuna gunia, mama."

"Basi sababu gani unaishikilia? Tua!"

Niliteremsha bega. Baada ya pumzi mbili likapanda tena lenyewe, na wote wakaliona likipanda, wakapiga kelele kama watazamaji wa mpira. Mpagazi yule wa nyundo alisimama nyuma yangu akanifundisha, kwa uzito wote wa mtu wa ufundi, jinsi wao wanavyotoa pumzi kabla ya kujitwika, ili mabega yashuke kwanza. Nilijaribu mara nyingi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha kwa subira kama yeye.

Mama aliniumika kavu. "Damu yako haina kosa," alisema, "kosa iko kwa kiti." Nilihesabu pembe alivyoziweka: moja chini ya shingo, moja kando ya uti wa mgongo, moja chini kidogo yake. Joto lilienea, kisha uzito, kisha usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata kwa juma zima.

Niliamshwa na honi ya feri. Ilikuwa saa saba na nusu, na hiyo ndiyo feri ya mwisho ambayo ingenifikisha kabla ya saa nane. Mama alizichoma nta kwa mwiba, akazing'oa pembe moja, mbili, tatu, akageukia mgongo wa mpagazi aliyekuwa akingoja. Nilitupia shati na koti bila kuchomeka kitu, nikakimbia. Kwenye kona ya stesheni niligeuka. Mama alikuwa amekwisha kuinama, mdomo juu ya pembe na nta ulimini, kwa hiyo hakuweza kusema; alinipungia mkono kwa nguvu. Nilimpungia. Wapagazi nao walipaza sauti, "Karani! Karani!" nami, niliyekuwa nimeitwa hivyo kwa dhihaka tangu kufika, niliwapungia pia.

Pembe zilikuwa nne. Ya nne aliiweka nyuma ya bega lenyewe, palepale palipokufa ganzi, nami sikuisikia ikiwekwa wala ikibaki.

Juu ya feri abiria walinipisha kwa adabu isiyo ya kawaida. Mama mmoja mwenye kapu la samaki alinitazama mgongo, akafanya ishara ya msalaba, akasogea. Niliyahesabu yote hayo kuwa ni heshima ya koti.

Saa nane kamili mkubwa wa ofisi aliweka saa yake mezani. Mwenzangu na mimi tuliketi ubavu kwa ubavu. Nilitoa pumzi kama nilivyofundishwa, mabega yakashuka, vidole vikaanza kwenda, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilivisikia vyote kumi. Nilikuwa nimefika theluthi mbili za ukurasa. Bega, likiendelea kulegea, lilimwachia mgeni wake. Pembe iliteleza chini ya shati, ikaanguka juu ya sakafu ya mbao kwa mlio mkavu, ikabiringika hadi kwenye kiatu cha mwenzangu.

Mwenzangu aliitazama. Alinitazama mimi. Kisha akacheka, kicheko kile kilichokuwa kimetufukuzisha wote wawili katika sala za jioni, na mikono yake ikasimama. Mimi sikucheka, si kwa sababu ya ushujaa, bali kwa sababu sikuelewa bado. Niliendelea kupiga hadi nukta ya mwisho.

Mkubwa aliiokota pembe, akainusa, akaiweka juu ya meza yake. "Iko nini hii?" aliniuliza. Nilimweleza kwa ukamilifu, pamoja na kazi ya nta. Alisikiliza, akasema kwamba kwao bibi yake alitumia bilauri ndogo na utambi wa moto, kisha akachukua penseli nyekundu. Kwangu kosa moja. Kwa mwenzangu makosa mawili, na mikono iliyosimama.

Hapo nilipaswa kufurahi. Lakini sikuweza kupokea jibu la hesabu ambayo mnyama alikuwa ametia pembe ndani yake. "Bwana," nilisema, "apewe ukurasa mwingine."

"Unataka kumusaidia?"

"Ninataka kujua."

Alinikodolea macho, akachomoa ukurasa mwingine kwenye jalada. Nilitoka, nikasimama barazani, bega likiwaka moto wa kupendeza, nikisikiliza mashine moja ikipiga peke yake. Ilipiga kwa kasi nzuri. Nakumbuka niliwaza, bila uchungu mwingi, kwamba huenda nilikuwa nimeigawa nafasi yangu kwa hiari. Kisha ikanyamaza, na mlango ukafunguka.

"Makosa tatu," mwenzangu alisema. "Na sikucheka hata kidogo. Mutu mubaya wewe, ungeniacha nifikiri ni ile pembe!"

"Pole, ndugu."

"Pole ya nini? Ngoja Jumatatu. Barua zote ya mukubwa nitakunakilia kwanza na kalamu, kwa mwandiko ya munganga ya hospitali. Tuone hiyo mashine yako itasoma nini."

Alitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu, miaka miwili mfululizo.