Kalkulasi ya Asubuhi

Kila asubuhi Magego alikuwa anapiga mswaki mara mbili: kwanza meno yake, kisha meno ya watu. Meno ya watu yalipangwa dirishani kwenye karakana ya mjomba wake, fundi wa meno ya bandia, na vumbi la barabarani halikuwa na adabu. Alichukua seti moja moja, akaisugua kwa mswaki mkuukuu, akairudisha mahali pake ikicheka peke yake.

Jina la Magego alipewa na mjomba huyohuyo. Utotoni, akinyimwa kitu, hakuwa mtoto wa kulia. Alisaga meno mpaka chumba kizima kinasikia. "Huyu ataniletea kazi siku moja," mjomba alikuwa anasema, watu wanacheka. Baba yake alipofariki, mjomba ndiye aliyemchukua yeye na mama yake, akawapa chumba nyuma ya karakana. Hapo Magego akajifunza kukoroga plasta isibaki na mapovu, kulainisha nta kwenye maji ya moto, na kushika kioo mteja anapojitazama kwa mara ya kwanza na mdomo mpya.

Kazi aliipenda. Ila alichoka kupokea watu ambao meno yao yameshang'olewa yote. Alitaka kuwa kule mwanzo, meno yangali mdomoni. Alitaka udaktari wa meno.

Hesabu ndiyo ilikuwa mlima. Aljebra ilimwangusha, akairudia, akaifaulu. Mwalimu mshauri wa chuo alichosoma jioni, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakumficha kitu.

"Chuo cha meno hawana huruma na mtu. Wanataka kalkulasi na takwimu. Takwimu ipo jioni. Kalkulasi ni asubuhi tu. Bila hizo mbili, maombi yako yanawekwa pembeni hivihivi."

Magego akachagua zote mbili. Nyumbani alilitaja jambo hilo wakati wa kula. Mjomba akaendelea kutafuna, hakujibu, na Magego akadhani kunyamaza ni kukubali.

Siku ya kwanza ya kalkulasi mwalimu aliita majina mpaka mwisho, na la kwake halikuwemo. Akaenda mbio kwa mshauri.

"Si umehamia hesabu za biashara?" mshauri akashangaa. "Mzee wenu alikuja jana. Kaongea vizuri mpaka nikampa kiti. Kasema umebadili mawazo, unaona haya kuja mwenyewe."

"Nimebadili mawazo mimi?"

"Ala! Basi kanipiga changa la macho." Mshauri akavua miwani. "Sikiliza, binti. Nafasi imebaki moja. Nakushikia mpaka mchana. Lakini asubuhi una kazi, na kazi yenyewe ni ya nyumbani. Nenda kamalizane nao kwanza. Sitaki uanze halafu uache njiani."

Magego alisahau hata kuaga.

Karakanani mjomba alikuwa na mteja kitini, dereva mstaafu asiye na jino hata moja. Alikuwa amebana nta mdomoni ili apimwe mkao wa taya, na ameonywa asifungue mdomo mpaka ipoe. Mama alikuwa pembeni anafuta meza.

"Mjomba, ulienda chuoni?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Ulienda?"

"Marahaba. Nilienda." Hakuinua macho. "Sasa kelele za nini? Kazi yetu unaijua. Mtu akija analalamika seti inamuuma, tunafanyaje? Tunatafuta inapogusa, tunapunguza kwa tupa, anakwenda zake kwa raha. Ile aljebra ilikutesa, nilikuwa nakuona. Nimekupunguzia panapouma, basi."

"Seti ukiipunguza sana haishiki tena. Si wewe uliyenifundisha?"

"Mmh!" akaguna mteja.

"Wewe tulia, nta itapinda," mjomba akamkemea, kisha akamgeukia Magego. "Hesabu za biashara zina ubaya gani? Utashika karakana hii nikizeeka. Au unataka uwe daktari, halafu uje kuniagiza mimi kazi?"

"Ndiyo, nikuagize. Ubaya uko wapi?"

Mteja akacheka kwa pua, machozi yakamtoka.

"Na ukifeli?"

"Nitarudia."

"Ukifeli tena?"

"Nitarudia tena, mjomba! Ni mimi nitakayefeli. Mbona unaumia kwa niaba yangu bila hata kuniuliza panapouma?"

Mjomba akaweka tupa mezani taratibu. Hasira zake hazikuwa za kelele, na ndiyo maana zilitisha.

"Karakana hii inafunguliwa asubuhi. Anayetaka hesabu za asubuhi asitegemee mlango huu. Wala kile chumba cha nyuma."

Kitambaa cha mama kikasimama juu ya meza. Magego akamtazama. Mama hakuwahi kumpinga kaka yake, hata kwa chumvi ya mboga.

"Mwombe radhi mjomba wako kwa kupayuka," mama akasema.

Hata mama?

"Ukishamwomba, uende," mama akaendelea, sauti ileile. "Hiyo nafasi haitakusubiri. Utakaa kwa shangazi yako, na nguo zako nitakuletea huko mwenyewe."

"Unasemaje wewe?" mjomba akamuuliza.

"Umenisikia, kaka."

Magego akavua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye kiti kitupu.

"Radhi kwa kupayuka, mjomba. Kwa kalkulasi, radhi siombi."

"Na kioo atashika nani?" Mjomba sasa alikuwa amesimama, mikono imejaa nta. "Magego! Mteja yuko kitini, wewe unakwenda wapi?"

Mteja, mdomo ukiwa bado umebanwa, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni kama trafiki anayeruhusu magari. Magego akapita. Nje jua lilikuwa limeshapanda, na chuo kilikuwa mbali kwa miguu. Nyuma yake jina lake liliitwa tena, mara hii kwa upole zaidi, na upole huo ulikuwa mgumu kuliko ukali. Hakugeuka. Akaongeza mwendo, akakunja kona ya kwenda chuoni, na karakanani hakurudi tena.