Kamera ya Macho Mbili, Bwana ya Bibi Mumoja

Jina yangu ni Laurentine, na kabla bantu bengine baseme, nitasema mi mwenyewe: niko na wivu. Sikujifunza kwa muntu. Mama yangu alikuwa nayo, na nyanya yangu kule Manono alikuwa nayo zaidi, alifukuza bibi mwenzake mu kiwanja na mwiko ya kusonga bukari, ile ugali yetu. Mwenye kutaka kuniambia wivu ni kitu mubaya, atafute mwengine wa kuambia.

Bwana yangu ni Tshibangu. Bazazi yake balitoka Kasai juu ya kazi ya migodi, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akakomea Kolwezi, akanioa Kolwezi. Alikuwa karani ku kampani. Mu mwaka ya tisini na moja mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikawa inakuya sawa mugeni, kisha haikukuya tena. Muzungu mumoja wa biro yake alikuwa anarudia kwao, anauzisha bitu yake yote. Tshibangu akatoka nyumba na kinga yetu, ile baiskeli ya kuleta makala na mihogo. Akarudi kwa miguu, na kisanduku nyeusi inaning'inia ku tumbo.

Nikamuuliza, "Kinga iko wapi?"

Akagusa kile kisanduku. "Njo hii."

Ilikuwa kamera ya macho mbili, moja juu ya ingine. Ya juu ni ya kuangalia, ya chini ni ya kukamata foto. Hauiweke ku uso sawa kamera zingine. Unaiacha ku tumbo, unafungua kifuniko, unainamisha kichwa, na unaona muntu mu kioo kidogo ya mraba. Sasa fikirieni. Mi bibi yake ya ndoa, Tshibangu hakuniinamia ata siku moja. Lakini mwanamuke yote mwenye kuvaa kikwembe mupya na kusimama mbele ya ile kamera, alikuwa anamuinamia kichwa sawa mbele ya chifu.

Mwanzo alikuwa anaharibu tu, na mi nilikuwa ninafurahi. Filme ilikuwa kubwa, imeviringishwa na karatasi, inatoa foto kumi na mbili, basi. Ya kwanza aliifungua mu jua kali mbele ya kanisa, juu alitaka bantu bamuone. Foto zote zikafwa. Ya pili alisahabu kuzungusha kifungo, bibi-harusi akatoka na vichwa mbili. Na mu kile kioo kila kitu inageuka, kuume inakuwa kushoto. Siku ile ya ndoa nilimuona anamuambia bibi-harusi, "Sogea kidogo, kidogo tena," na yule mutoto ya watu anasogea, anasogea, mpaka akatoka mu kiwanja.

Halafu Mushiya akakuya.

Mushiya alikuwa mujane wa Kasai. Bwana yake, marehemu, alikuwa na studio kule Likasi, kwa hiyo alijua dawa za foto. Alikuwa pia na meno mazuri na kiuno ya kutosha bantu babili. Familia ya bwana yangu balimupenda sana, zaidi juu mi na Tshibangu hatukuwa na mutoto, na yeye aliongea Tshiluba yao. Alikuya kumufundisha bwana yangu. Balifunika dirisha ya depo yetu, ile chumba ya kuwekea bitu, na blanketi, bakatia ampule nyekundu, bakafunga mulango.

Nani kati yenu angekubali? Bwana yako na mujane, mu giza, taa nyekundu sawa ya bar, na ukibisha banakuambia, "Usifungue, mwangaza itaharibu karatasi." Nilikuwa ninaweka mbabula yangu ya makala pale pale ku mulango na kupika nikikohoa kwa nguvu. Siku moja nikasikia Mushiya anacheka ndani. Foto haichekeshake muntu. Nikaacha sombe, ile majani ya mihogo, iungue.

Kesho yake nikamuambia Tshibangu, "Kuanzia leo, mwenye kuingia mu giza na weye ni mi."

"Unajua dawa?"

"Nitajua. Mushiya yako anifundishe na mi, nikiwa katikati."

Njo vile nilianza hii kazi. Sikuwa na mapenzi ya foto ata kidogo. Nilisimama mu ile depo, Mushiya ku mukono ya kuume, bwana yangu ku mukono ya kushoto, na mi katikati sawa ukuta. Nilijifunza kuingiza filme mu chombo kwa vidole tu, bila kuona. Nilijifunza ile filme kubwa haiombe mashini ya kukuza: unalaza filme juu ya karatasi, unakandamiza na kioo, unawasha ampule nyeupe kidogo, unazima, unatia karatasi mu dawa, na uso inakuya polepole.

Shida ilikuwa ile "kidogo". Saa ya mukono ilikuwa imekwisha kuenda sokoni, kwa hiyo Mushiya alikuwa anapima na wimbo ya kanisa: mustari moja, unazima. Lakini yeye ni Mukatolika wa zamani, anavuta wimbo sawa muntu mwenye kupanda mulima. Nyuso zote za foto zake zilikuwa zinatoka nyeusi, na bantu balikuwa banalalamika. Mi ni Mumetodiste. Kwetu tunaimba mbio na kupiga makofi. Siku niliimba mi, nyuso zilitoka safi, ata mashimo ya pua unaona.

Tshibangu akanyanyua ile karatasi, akasema, "Wimbo ya Laure njo ya kazi."

Niliangalia Mushiya mu ile mwangaza nyekundu. Siku ile nililala vizuri.

Mwaka ya tisini na tatu, bijana bakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Balisema bantu ya Kasai barudie kwao. Bantu benye balizaliwa hapa, benye bazazi yao balizikwa hapa, balikuwa banaitwa bilulu, maana wadudu. Tulifukuzwa mu nyumba na vile tulikuwa tumevaa, furushi moja moja, na kamera. Tukalala ku gare pamoja na maelfu, chini ya mashuka, tukingoja treni ya Kasai. Batoto balikuwa banakufwa na kuhara. Mushiya sikumuona tena, lakini mu bantu bengi vile ungemuona nani.

Yaya yangu Séraphin, kaka yangu mukubwa, akakuya kunitafuta na pusupusu, mukokoteni ya kubeba bitu yangu.

"Rudi nyumbani, Laure. Huyu aende kwao. Ata mutoto hamuna."

Niliogopa. Ninasema wazi, niliogopa ile treni, na kule Kasai sikujua ata njia. Tshibangu alivua kamera, akaniwekea ku shingo. "Baki. Uko mutoto wa hapa. Hii itakulisha."

Nilikwisha kuweka furushi yangu juu ya pusupusu. Na Tshibangu, akifunga furushi yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mi nitapata kamera ingine kule. Mushiya atanisaidia mu giza."

Nikatoa furushi yangu juu ya pusupusu. Yaya Séraphin aliniita mpaka treni ikatoka.

Kamina treni ilisimama muda murefu. Nikashuka, nikapita wagon kwa wagon, kamera ku tumbo, kifuniko wazi, kichwa chini. Bantu balifikiri ninatafuta foto. Ile kioo ni nzuri kwa kazi ya wivu, unaangalia muntu na yeye hajue. Niliona bamama, bazee, mafurushi, mutoto mwenye kukufwa mu mikono ya babake. Mushiya hakukuwa.

Nikarudi kwa bwana yangu. "Mushiya iko wapi?"

"Zambia. Aliolewa na Kazadi, mwenye kuuza chumvi. Balienda na lori kabla tufukuzwe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulisema vile?"

"Kama ningesema ninakupenda, twende, ungelia sana, na ungebaki na yaya yako. Nimekuoa, Laure. Ninakujua."

Nilimupiga kofi, bantu bote ya wagon bakaona. Mama mumoja akacheka, na toka Kolwezi hakukuwa muntu alicheka mule ndani. Tshibangu aliinamisha kichwa mbele yangu, chini kabisa, na kamera ilikuwa ku shingo yangu mi.