Nani Atasema Ugonjwa wa Ezekia

Kijijini Igowole watu hawazikani kimya. Kabla jeneza halijatolewa nje, mtu husimama mbele ya waombolezaji akaeleza ugonjwa: ulianza vipi, ulitibiwa wapi, ulimchukuaje marehemu. Asiposimama mtu, watu watajielezea wenyewe njiani, na maneno ya njiani hayana mwenyewe.

Asubuhi ya kumzika mumewe, Esta alikuwa amekaa mkekani na hajui nani asimame. Ugonjwa wenyewe hakuujua. Ezekia aliamka mzima, akaenda kupulizia viazi dawa, akarudi ameshika kifua. Kabla gari halijapatikana, Bwana akawa amemchukua.

Esta ni mzaliwa wa Nyololo. Aliolewa Igowole akiwa msichana, akalima viazi na maharage, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Mungu aliwapa watoto akawachukua wangali wachanga. Ndiyo maana watu wa utafiti wa moyo kutoka Mbeya walipotafuta nyumba ya kumweka mwanafunzi wao, Esta alisema chumba kipo.

Akaja Gwakisa, kijana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu kwenye migomba. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwapima watu presha na kuwauliza habari za chumvi. Daktari asiye na dawa. Esta hakuelewa, lakini alimpikia, akampitisha kwa majirani. Nyumba moja walipomfukuza kwamba ni mnyonya damu, Esta alirudi naye mpaka mlangoni. "Huyu mwanangu," alisema. "Kama ananyonya, angeanza na mimi ninayelala naye nyumba moja."

Jioni Gwakisa alijizoeza kwa Ezekia. Alimfunga mkanda mkononi, ukajaa upepo, ukabana, ukalegea. Alipima mara tatu, akipumzika katikati. Mara ya kwanza namba ilikuwa juu. Ya tatu ilikuwa imeshuka.

"Umeona, Esta?" Ezekia alisema. "Imeminywa, imetoka."

"Baba, nenda kituo cha afya wakuanzishie dawa," Gwakisa alimwambia, si mara moja.

"Dawa ya nini, mla ndizi wewe, na mkanda ninao ndani?"

Wakacheka wote. Ezekia alikuwa mtu wa utani.

Sasa, asubuhi hii ya maziko, mdogo wake Ezekia, Rabson, akachuchumaa pembeni ya mkeka. "Shemeji, nitasimama mimi. Nitasema kifo cha ghafla, basi. Lakini huyo kijana wako aondoke kwanza. Watu wanauliza, kila siku alikuwa anampima kaka. Alikuwa anapima nini?"

Hata Esta aliamka na swali hilo hilo. Alikuwa amejaribu kusali Baba Yetu, akakwama kwenye "mapenzi yako", asiweze kusogea mbele wala kurudi nyuma.

Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Gwakisa alikuwa anafunga begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nimempigia mwalimu wangu, nimemwambia naacha. Nilikuwa naandika namba, na baba anakufa."

"Lakini ulikuwa unaishusha."

"Nashusha nini?"

"Presha. Ile ya tatu si ilikuwa inashuka?"

Gwakisa akaacha begi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, inashuka kwa sababu mtu amekaa ametulia. Mkanda hautibu. Unaangalia tu."

"Na wewe hukusema."

"Nilidhani baba anatania."

"Alitania mengine yote. Hilo hakutania. Na mimi nilimwamini."

Mkono wa Esta ulitaka kumpiga kofi na ulitaka kumshika bega, ukabaki unaning'inia. Amkasirikie nani? Kijana alisema dawa. Marehemu alicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Na Mungu alikuwa anawasikia wote wanavyocheka.

Jikoni, sauti ya jirani yake Faustina ikasikika: "Mimi siku akinibana ule mkanda nalala kama mtoto. Wiki hii sijabanwa, kichwa kinaniuma."

Esta na Gwakisa wakatazamana.

"Utasimama wewe," Esta akasema.

"Watanipiga, mama."

"Rabson ana mdomo, mikono hana. Simama hapa karibu yangu."

Akasimama. Alisema ugonjwa wa Ezekia ulikuwa presha, na yeye anaamini ndiyo iliyouharibu moyo wake. Alisema aliipima na hakuitibu, kwa kuwa mkanda hautoi kitu mwilini. Watu wakaanza kunong'ona.

Faustina akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Kwa hiyo mimi, kubanwa kote kule, sijatibiwa?"

"Hujatibiwa, mama. Dawa ziko kituoni."

"Sasa wewe kazi yako ni nini?"

Gwakisa akafikiri. "Kutafuta kwa nini wengi huku wanayo na hawajui. Bado najifunza."

"Jifunze haraka," Rabson akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Jeneza likatolewa. Wakamzika Ezekia.

Kesho yake begi la Gwakisa lilikuwa mlangoni. Yeye alikuwa anamuaga Esta wakati Faustina alipoingia uani, amevaa gauni la kanisani.

"Nipeleke huko kituoni," alisema. "Peke yangu nitasahau ulivyosema."

Gwakisa akamtazama Esta, na Esta hakuwa na hekima ya kumpa. Bado hakujua kama mumewe alichukuliwa na Bwana, au na presha, au na kicheko chao cha jioni; na kama ni vyote, vinakaaje pamoja. Pengine Mchungaji angejua. Alichokiona ni jirani yake yuko hai, anasubiri.

"Mpeleke," akasema. "Tukuyu haihami."

Gwakisa akalirudisha begi chumbani, akatoka na Faustina. Esta akaketi mkekani, akaianza tena Baba Yetu kutoka mwanzo.