Sahani Yetu Moja

Uhuru ulikuwa bado mpya, na jua lilikuwa limechoma wimbi, ulezi wetu, hapa Buteba, wakati kijana wa chuo kikuu alikuja kufanya utafiti: watu wa shamba wanakula nini, na kiasi gani. Nilimkubali. Mimi mwenyewe nilikuwa nasoma darasa la jioni, elimu niliiheshimu.

Kwetu mama na watoto wanakula kwenye sahani moja. Nilikuwa natia mkono polepole, nachovya mchuzi tu, watoto wanashiba na hakuna anayejua. Lakini yule kijana alitaka kila mtu apakuliwe peke yake, ili yeye mwenyewe apime kwa mizani yake. Nikapakulia watoto, ugali ukaisha.

“Mama, na chako?” kijana akauliza.

“Leo nafunga, mwanangu. Niko kwa maombi.”

Binti yangu wa kwanza akanitazama. “Ee, mama! Kumbe kila siku ni maombi?”

Akamega ugali wake nusu, akaweka kwenye sahani tupu, akaisukuma mbele yangu. Wadogo wake nao wakamega.

“Sasa pima,” akamwambia mgeni.

Nikaombea chakula. Halafu nikala, watoto wananiangalia mpaka nikamaliza.